Kufundisha Somo la Malango ya Bahari: Mfano wa Uholanzi

Utangulizi

Miongoni mwa mada za Jiografia zinazohusu jitihada za binadamu za kuyatawala mazingira yake, mada ya Uholanzi na bahari imezoeleka katika shule zetu. Aghalabu hufundishwa kwa namna moja: mwalimu huchora ramani ubaoni, huandika majina ya mabwawa na urefu wa kuta, wanafunzi hunakili, na kipindi huisha. Wanafunzi hao huweza kutaja katika mtihani kwamba sehemu kubwa ya Uholanzi iko chini ya usawa wa bahari. Lakini wakiulizwa kwa nini katika hori moja wahandisi walijenga milango inayofunguka badala ya ukuta mzima, hawana la kusema.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha namna mada hiyo inavyoweza kufundishwa kwa njia ya kutatua tatizo. Kwanza tutaeleza maarifa ambayo mwalimu hana budi kuwa nayo kabla ya kuingia darasani. Kisha tutatoa mpango wa somo la vipindi viwili unaofaa madarasa ya juu ya shule ya msingi na miaka ya mwanzo ya sekondari, pamoja na zana ambazo zaweza kupatikana katika shule yoyote. Mwisho tutagusia maswali ambayo wanafunzi huuliza na namna ya kulipima somo.

Maarifa ya Msingi kwa Mwalimu

(a) Bahari hufuraje?

Jambo la kwanza la kubainisha ni kwamba kufura kwa bahari wakati wa dhoruba si sawa na mawimbi ya kila siku, wala si sawa na tsunami. Tsunami huletwa na tetemeko au mporomoko wa ardhi chini ya bahari, kama ile ya tarehe 26 Desemba 2004 iliyofika hadi pwani ya Afrika Mashariki. Mfuro wa bahari, kama tutakavyouita hapa, huletwa na hali ya hewa. Sababu zake ni mbili. Kwanza, upepo mkali unaovuma kwa saa nyingi kuelekea nchi kavu huyasukuma maji na kuyalundika pwani. Pili, mgandamizo wa hewa unapopungua katikati ya dhoruba, uso wa bahari huinuka. Kwa kila milibari moja inayopungua, maji hupanda kiasi cha sentimita moja. Upepo ndio wenye nguvu zaidi kati ya hizo mbili, hasa penye kina kifupi, kwa kuwa maji yaliyosukumwa hayapati nafasi ya kurudi nyuma chini kwa chini.

Bahari ya Kaskazini ina kina kifupi upande wa kusini, na kadiri mtu anavyoelekea Mlangobahari wa Dover ndivyo inavyozidi kuwa nyembamba, mfano wa faneli. Upepo wa kaskazini-magharibi ukivuma kwa nguvu, maji huingia katika faneli hiyo na hayana pa kwenda ila kupanda.

Hata hivyo mfuro pekee hautoshi kueleza maafa. Inapasa kutazama pia kupwa na kujaa. Mfuro ukifika wakati wa maji kupwa, huenda watu wasiutambue; ukifika wakati wa maji kujaa, tena katika siku za bamvua, hatari huwa kubwa kupita kiasi. Hapa mwalimu wa shule za pwani ana bahati, kwani wanafunzi wake wanajua bamvua na maji mafu tangu utotoni. Ni vema aanzie na maarifa hayo ya nyumbani.

(b) Usiku wa tarehe 31 Januari 1953

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953, mambo hayo yote yalikutana. Dhoruba kali ilishuka kutoka kaskazini-magharibi, nayo bahari ilikuwa katika bamvua. Huko Vlissingen, kusini-magharibi mwa Uholanzi, maji yalifika mita 4.55 juu ya kipimo cha kawaida cha nchi hiyo. Matuta yaliyokuwa yakiilinda nchi yalivunjika mahali pengi, hasa katika jimbo la Zeeland na visiwa vya Uholanzi Kusini. Ilikuwa usiku wa Jumamosi. Ofisi nyingi zilikuwa zimefungwa, na redio ya taifa ilikuwa imekwisha kuzima matangazo kama ilivyokuwa desturi. Tahadhari ilitolewa, lakini wengi haikuwafikia. Siku ya pili mchana maji yalijaa tena, yakaingia kupitia matundu yaleyale, na watu waliokuwa wamekimbilia juu ya mapaa wakachukuliwa pamoja na nyumba zao. Nchini Uholanzi walikufa watu 1,836. Katika kijiji cha Oude-Tonge peke yake walikufa zaidi ya 300. Nchini Uingereza walikufa zaidi ya 300 katika nchi kavu.

Yapo mambo mawili ya usiku ule ambayo mwalimu asiyaache. La kwanza ni kwamba hatari ilikuwa imejulikana. Mhandisi Johan van Veen wa idara ya serikali inayosimamia maji alikuwa ameonya kwa miaka mingi kwamba matuta ni mafupi mno, na mipango ya kuyafunga mahori ilikuwa mezani siku chache tu kabla ya gharika. La pili ni tukio la Nieuwerkerk aan den IJssel. Tuta la mto Hollandse IJssel, lililokuwa likikinga eneo la chini lenye watu wengi kuliko yote nchini, lilianza kupasuka. Nahodha Arie Evegroen akaamriwa kuiingiza mashua yake ya mizigo katika tundu lile. Aliigeuza ubavu, maji yenyewe yakaibana kwenye tuta, nayo ikawa kama mlango uliofungwa. Miaka mitano baadaye, mwaka 1958, lango la kwanza la mpango mpya wa ulinzi lilianza kazi katika mto huohuo. Mwanafunzi aliyekwisha kuielewa mashua ya Evegroen hahitaji maelezo marefu juu ya lango.

(c) Mpango wa Delta

Mnamo Februari 1953 serikali ya Uholanzi iliunda Tume ya Delta, na mwaka 1958 sheria ya mpango huo ikapitishwa. Wazo lake lilikuwa rahisi. Badala ya kuinua mamia ya kilometa za matuta kandokando ya mahori, bahari izuiwe mdomoni mwa kila hori, ili ukingo wa kulindwa uwe mfupi. Njia ya maji ya kwenda Rotterdam na ile ya kwenda Antwerp ziliachwa wazi kwa ajili ya meli, na matuta yake yakaimarishwa.

Tume iliweka pia kipimo cha usalama. Kwa sehemu ya katikati ya Uholanzi, kinga ilitakiwa iweze kuhimili kimo cha maji ambacho uwezekano wake ni mara moja katika miaka 10,000. Kwa Zeeland, mara moja katika miaka 4,000. Tutaona baadaye kwamba usemi huo huwapotosha wanafunzi usipoelezwa.

(d) Hori la Oosterschelde: ukuta au milango?

Hiki ndicho kiini cha somo letu. Mpango wa awali ulikuwa kulifunga hori la Oosterschelde kwa ukuta mzima. Mahori mengine yalikuwa yamekwisha kufungwa, na athari zikaonekana: maji yaliyokatwa na bahari hayapwi wala hayajai, samaki na mimea hubadilika, na viumbe wanaohitaji maji ya chumvi yanayotembea hufa. Wavuvi wa chaza na kome wa mji wa Yerseke waliona riziki yao inakwenda. Wapenzi wa mazingira nao walipinga. Kwa upande mwingine, wakazi waliokuwa wamefiwa mwaka 1953 walitaka ukuta ukamilishwe bila kuchelewa. Kwao kila majira ya baridi yaliyopita bila kinga yalikuwa ni kamari ya maisha.

Mwaka 1974 serikali iliamua kwamba hori lisifungwe kabisa, na mwaka 1976 bunge likaidhinisha ujenzi wa lango lenye milango ya chuma. Lilifunguliwa rasmi na Malkia Beatrix tarehe 4 Oktoba 1986. Pamoja na visiwa vilivyotengenezwa katikati yake, kazi yote ina urefu wa kilometa 9 hivi. Zipo nguzo 65 za zege, kila moja ikiwa na uzito wa tani 18,000 hivi, na kati yake milango 62, kila mmoja ukiwa na upana wa mita 42 hivi. Siku za kawaida milango huwa juu, maji yakiingia na kutoka. Maji yakitabiriwa kufika mita 3 juu ya kipimo cha kawaida, milango hushushwa.

Uamuzi huo uligharimu fedha nyingi kuliko ukuta, nao haukuondoa kila hasara. Nguzo zimepunguza nguvu ya maji yanayoingia na kutoka. Kwa sababu hiyo mchanga unaochukuliwa na mawimbi kutoka katika fungu zinazojitokeza maji yakipwa haurudishwi wote, na fungu hizo, ambazo ndizo malisho ya ndege, zinazidi kupungua. Mwalimu aliseme jambo hili waziwazi, ili mwanafunzi asidhani kwamba suluhisho la kati ni suluhisho lisilo na gharama.

(e) Mifano mingine kwa ufupi

Lango la mto Thames, London, lilianza kazi mwaka 1982 na kuzinduliwa mwaka 1984. Upana wake ni mita 520, lina milango 10, na limekwisha kufungwa zaidi ya mara 200, mara nyingine ili kupunguza mafuriko ya mto wenyewe. Lango la Maeslant, karibu na Rotterdam, lilizinduliwa mwaka 1997. Lina mikono miwili inayoelea, kila mmoja ukiwa na urefu wa mita 210, na huongozwa na kompyuta. Lilifungwa kwa mara ya kwanza kwa sababu ya dhoruba mwezi Novemba 2007, na tena Desemba 2023. Mjini Venice, Italia, milango 78 iliyolala chini ya maji ilianza kuinuliwa mwezi Oktoba 2020. Tarehe 8 Desemba mwaka huohuo utabiri ulikuwa chini ya sentimita 130, kiwango kilichowekwa cha kuinua milango. Milango haikuinuliwa, maji yakafika sentimita 138, na mji ukafurika. Lango, kwa hiyo, hutegemea utabiri, na utabiri hutegemea vipimo.

Mpango wa Somo

Madhumuni. Mwishoni mwa vipindi viwili mwanafunzi aweze: (i) kueleza sababu za mfuro wa bahari, (ii) kukokotoa kimo cha maji kwa kujumlisha maji kujaa na mfuro, (iii) kulinganisha ukuta na lango kwa kutaja faida na hasara za kila kimoja, (iv) kutoa uamuzi na kuutetea kwa hoja.

Zana. Sinia pana au karai, udongo wa mfinyanzi, maji, kipande cha ubao mwembamba au bati, vijiti vya kupimia vilivyotiwa alama, kipande cha boksi cha kupepea, majani mabichi machache, na mfuko wenye maharagwe 99 meupe na moja jekundu.

Hatua ya kwanza: kuona. Wanafunzi watengeneze kwa udongo nchi ya chini nyuma ya tuta, katika nusu moja ya sinia, na kuacha hori jembamba linaloingia ndani. Majani yapandwe pande zote za hori. Nusu ya pili iwe bahari. Mmoja apepee kwa boksi kuelekea tuta. Maji yataonekana yakisukumwa, lakini kimo kitakachoongezeka ni kidogo sana. Kwa hiyo mwalimu ainue polepole ukingo wa sinia ulio upande wa bahari, ili maji yalundikane kwenye tuta kama yafanyavyo dhoruba ikivuma. Wanafunzi wasome kijiti na waandike. Bila shaka maji yataingia horini na kufurika, ijapokuwa tuta la mbele bado limesimama. Mwalimu asiseme neno, aulize, “Maji yamepita wapi?”

Hatua ya pili: kuhesabu. Mwalimu atoe zoezi kama hili, akisema kwamba tarakimu ni za mazoezi tu. Tuta lina kimo cha mita 4. Maji kujaa ni mita 1.8 juu ya kipimo cha kawaida, na mfuro ni mita 2.5. Je, tuta litafunikwa? Jumla ni mita 4.3, maji yatapita juu ya tuta kwa sentimita 30. Kisha mfuro uleule ufike saa sita baadaye, maji yakiwa yamepwa mita 1.5 chini ya kipimo. Jumla ni mita 1.0 tu. Wanafunzi wagundue wenyewe kwamba dhoruba ni ileile, ila saa imebadilika.

Hatua ya tatu: kujaribu kinga. Kundi la kwanza lizibe mdomo wa hori kwa udongo. Kundi la pili liweke ubao unaoinuliwa na kushushwa. Makundi yote mawili yarudie jaribio la kufura. Yote mawili yatafaulu kuzuia maji, na hapo ndipo mwalimu aulize swali la pili: siku zisizo na dhoruba kuna nini ndani ya hori la kila kundi?

Hatua ya nne: baraza. Kipindi cha pili chote kiwe cha mjadala. Darasa ligawanywe katika makundi manne: wavuvi wa Yerseke, wakulima waliofiwa mwaka 1953, wahandisi, na wabunge. Kila kundi lipewe karatasi yenye maelezo mafupi yaliyotolewa na mwalimu kutokana na sehemu ya kwanza ya makala haya. Makundi matatu ya kwanza yatoe hoja, wabunge waulize maswali, kisha wapige kura. Mwalimu asitangaze uamuzi wa mwaka 1976 mpaka kura imekwisha kuhesabiwa.

Tunasisitiza jambo moja kuhusu hatua hii. Mwalimu ajihadhari asiwafanye wakulima kuwa wajinga wanaochukia ndege, wala wavuvi kuwa wabinafsi wasiojali maisha ya watu. Pande zote mbili zilikuwa na haki. Darasa likishaona upande mmoja una wema wote, mjadala umekufa, na somo limerudi kuwa la kunakili.

Maswali Yanayoulizwa

Swali la kwanza huhusu miaka 10,000. Wanafunzi wengi hudhani kwamba gharika ya namna hiyo ikishatokea leo, haitarudi mpaka miaka 10,000 ipite. Hapa ndipo mfuko wa maharagwe unapofaa. Haragwe jekundu liwe gharika ya mara moja katika miaka 100. Kila mwanafunzi achomoe moja bila kutazama, aseme rangi yake, na kulirudisha. Huenda jekundu likatoka mara mbili katika zamu kumi, au lisitoke kabisa katika zamu mia mbili. Mfuko haukumbuki kilichotoka jana.

Swali la pili ni hili: “Kwa nini nchi zote za pwani zisijenge malango?” Mwalimu asilikwepe. Lango hufaa mahali penye mdomo mwembamba wa kufungwa na mali au watu wengi nyuma yake, na hudai fedha, utabiri wa kuaminika na matengenezo yasiyokoma. Nchini Bangladesh, pwani ni pana na mito ni mingi. Kimbunga cha Novemba 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000 huko. Kuanzia mwaka 1972 nchi hiyo iliandaa watu wa kujitolea wa kutangaza tahadhari vijijini, na baadaye ikajenga majengo mengi ya kukimbilia. Kimbunga Sidr cha Novemba 2007 kilikuwa kikali mno, lakini waliokufa walikuwa elfu chache. Hata hao ni wengi. Walakini tofauti hiyo ni kubwa, nayo haikuletwa na lango.

Karibu na kwetu, kimbunga Idai kiliupiga mji wa Beira, Msumbiji, mwezi Machi 2019, na zaidi ya watu 600 walikufa nchini humo. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliikaribia pwani ya Tanzania. Mwanafunzi wa Mafia au Kilwa ana haki ya kuuliza kama kijiji chake kinajua tahadhari itatangazwa na nani, na watu wakimbilie wapi.

Swali la tatu ni juu ya kupanda kwa bahari. Kadiri usawa wa bahari unavyopanda, ndivyo lango litakavyolazimika kufungwa mara nyingi zaidi. Lakini lango lililofungwa huzuia pia meli kupita na mto kutoka. Mwanafunzi aulizwe: lango linalofungwa kila wiki lina tofauti gani na ukuta?

Tathmini

Mwalimu anaweza kutumia maswali haya:

1. Taja sababu mbili za mfuro wa bahari, na ueleze ni ipi yenye nguvu zaidi penye kina kifupi.

2. Maji kujaa ni mita 1.2 na mfuro ni mita 2.1. Lango hushushwa maji yakitabiriwa kufika mita 3. Je, lishushwe? Eleza utafanya nini iwapo utabiri waweza kukosea kwa sentimita 40.

3. Andika barua ya mvuvi wa Yerseke kwa mkulima aliyefiwa mwaka 1953, kisha jibu la mkulima.

4. Waulize wazee au wavuvi wa mahali unapoishi ni wapi maji yalipofika katika bamvua kubwa wanayoikumbuka. Weka alama katika ramani ya kijiji.

Swali la nne lapasa kupewa uzito. Shule zilizo mbali na bahari zaweza kulibadili na kuuliza juu ya mto au ziwa. Majibu ya wazee yakusanywe, yalinganishwe, na ramani ibandikwe ukutani mahali ambapo wazazi watakapokuja shuleni wataiona.

Hitimisho

Mpango tulioueleza unahitaji vipindi viwili na maandalizi ya jioni moja. Hauhitaji vifaa vya kununua. Unachohitaji ni mwalimu aliye tayari kunyamaza wakati wanafunzi wanapotazama sinia, na kuacha kura ipigwe hata kama darasa litachagua ukuta. Tunapendekeza wanachuo walijaribu somo hili wakati wa mazoezi ya kufundisha, na waandike ni hoja zipi zilizotolewa na wavuvi, wakulima na wahandisi wa darasa lao, ili zitumike kulirekebisha kwa mwaka unaofuata.